Kongwa haionekani kwenye hesabu ya nukuu

Mjadala wa kupandisha vyeo vya watafiti ukianza, hata hapa Dodoma, hauchukui muda kabla mtu hajauliza fahirisi ya h ya mwombaji. Mwanafizikia Jorge Hirsch aliipendekeza mwaka 2005: mwenye h ya 20 ana makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa walau mara 20. Mimi ni mwanaepidemiolojia wa magonjwa ya macho, na kila nikiisikia namba hiyo namkumbuka Sheila West wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, aliyefanya utafiti wa trakoma, yaani vikope, ugonjwa wa macho wa kuambukiza unaoweza kupofusha, wilayani Kongwa kwa miongo kadhaa. Namba zake ni kubwa. Ila ukubwa huo umetoka wapi?

Anza na makala fupi ya mwaka 1987 kwenye jarida la Shirika la Afya Duniani, aliyoandika pamoja na Thylefors, Dawson, Jones na Taylor. Humo hakuna ugunduzi wa dawa wala kijidudu. Kuna utaratibu wa kukagua jicho. Unavaa miwani ya kukuzia mara 2.5, unageuza kope la juu la mtoto, unatazama utando wa ndani, katikati. Ukikuta vivimbe vitano au zaidi, kila kimoja kisichopungua nusu milimita, unaandika TF. Utando ukiwa umevimba kiasi cha kuficha zaidi ya nusu ya mishipa ya damu, ni TI. Makovu yana alama yake, kope zinazokwaruza jicho zina yake, na ukungu kwenye kioo cha jicho una yake. Basi.

Kila anayepima vikope, awe Ethiopia au Australia, hulazimika kuitaja makala hiyo, kwa sababu bila kipimo kimoja matokeo hayalinganishiki. Hata kigezo cha kutokomeza ugonjwa, TF chini ya asilimia 5 kwa watoto wa miaka 1 hadi 9, kimejengwa juu yake. Nukuu hizo ni za watu wanaokitumia kipimo hicho, na kwangu mimi ni heshima kubwa kuliko nukuu za mabishano.

Sasa njoo Kongwa. Mwaka 1989 timu hiyo ilionyesha kwamba umbali wa kwenda kuchota maji ulihusiana na vikope, lakini kiasi cha maji kilichofika nyumbani hakikuhusiana. Mtu wa huku anajua uzito wa jambo hilo: ndoo ipo, ila nani ameamua maji yatumike kwa kazi gani? Ndipo wakajaribu katika vijiji sita. Vyote vilipata dawa ya kupaka ya tetrasaiklini kwa siku 30, na vitatu vikaongezewa uhamasishaji wa kuwanawisha watoto uso. Matokeo yalitoka kwenye Lancet mwaka 1995: baada ya mwaka mmoja, vikope vikali vilikuwa vichache zaidi kwa watoto wa vijiji vilivyohamasishwa. Leo usafi wa uso ni nguzo mojawapo kati ya nne za mkakati wa dunia, pamoja na upasuaji, dawa na mazingira. Mhudumu wa afya anayemfundisha mama kumnawisha mtoto hamnukuu mtu yeyote, na fahirisi ya h haimwoni.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi. Nukuu hufuata wingi wa watafiti, hazifuati wingi wa wagonjwa. West alishiriki pia utafiti wa mwaka 1988 uliohusisha mionzi ya jua na mtoto wa jicho kwa wavuvi wa Chesapeake Bay, Marekani. Mtoto wa jicho una maabara na wataalamu katika kila nchi tajiri. Vikope ni ugonjwa wa maskini, na wanaouandikia ni wachache, kwa hiyo makala bora ya vikope inaweza kupitwa kwa nukuu na makala ya kawaida tu ya ugonjwa wa matajiri.

Tena h haigawanyi jasho. Makala ya 1995 ina Watanzania miongoni mwa waandishi wake, nalo ni jambo jema, lakini kwa desturi ya fani yetu wanaokwenda nyumba kwa nyumba wakizungumza Kigogo na akina mama huishia kwenye aya ya shukrani.

Kwa hiyo nikiombwa maoni kuhusu mtafiti kijana wa macho, naomba makala zake tatu na majina ya wilaya alizofanyia kazi. Kisha nampigia simu mratibu wa macho wa wilaya mojawapo, nimuulize nini kinafanyika tofauti tangu utafiti ule ufanyike.