Ushahidi wa kifaa cha kuvaliwa: saa ya mkononi inapofikishwa mahakamani

Jioni ukipita Raskazone, hapa Tanga, utawakuta wanaokimbia kando ya bahari, mkononi saa nyeusi inayowaka kila wanapoinua kiwiko. Saa janja hizo, bangili za mazoezi, hata pete za kupima usingizi, ndizo vifaa vya kuvaliwa. Taarifa zake, yaani hatua, mapigo ya moyo, mahali na muda, zikitumika kuthibitisha au kukanusha jambo katika upelelezi wa jinai, huitwa ushahidi wa kifaa cha kuvaliwa.

Mfano unaotajwa sana ni wa Marekani. Desemba 2015, mwanamke mmoja aliuawa nyumbani kwake Ellington, jimbo la Connecticut. Mumewe alidai kwamba mvamizi alimpiga risasi mkewe mara tu aliporejea. Kifaa cha Fitbit alichovaa marehemu kilisema vingine: baada ya kurejea alitembea futi 1,217, karibu mita 370, ilhali kwa maelezo ya mume asingezidi futi 125. Kifaa hicho hakikuwa ushahidi pekee, lakini ndicho kilichovuruga muda katika hadithi ya mume. Mwaka 2022 mume alitiwa hatiani, akafungwa miaka 65.

Kesi kama hiyo humfanya mtu adhani kazi ni kuvua saa na kusoma kioo. Ndipo mafunzo ya askari yanapohitajika, maana saa haijui kutembea ni nini. Ndani yake mna kihisi kinachopima mtikisiko wa mkono, na programu ya kampuni ndiyo inayokisia kwamba mtikisiko wa namna fulani ni hatua. Mama aliyekaa juu ya mbuzi anakuna nazi anaweza kuandikiwa hatua na hajanyanyuka. Kijana anayeendesha baiskeli, na Tanga baiskeli ni nyingi, mikono imetulia kwenye usukani, anaweza kuonekana kama aliyekaa kitako. Mapigo ya moyo nayo husomwa kwa taa ya kijani inayomulika damu chini ya ngozi. Mkanda ukilegea, au pakiwa na tatuu nzito, namba zinayumba.

Mimi ningetumia siku nzima ya mafunzo kwenye suala la muda. Shahidi wa Ngamiani anasema alisikia kelele saa mbili usiku. Askari kwenye maelezo anaandika saa 20:00. Faili linalotoka kwenye kompyuta za kampuni mara nyingi huhifadhi muda wa dunia, UTC, ambao uko nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo linasema 17:00. Hizo ni namba tatu za dakika ileile. Mpelelezi asiyejua atadhani kifaa kinampinga shahidi, au wakili wa utetezi atamfanya adhani hivyo. Tukio likiwa saa saba usiku ni balaa zaidi, kwa kuwa katika UTC bado ni saa 22:00 ya jana. Ongeza wazee wetu wa Pwani, ambao kwao siku huanza magharibi: akikwambia "usiku wa Ijumaa" huenda anakusudia ule ambao wewe unauita Alhamisi usiku. Muulize palepale, kabla hajatia dole gumba kwenye maelezo.

Sasa kukamata. Kosa la kwanza ni kubonyeza-bonyeza. Taarifa huwa zimegawanyika sehemu tatu: kwenye saa yenyewe, kwenye simu iliyounganishwa nayo kwa blututhi, na kwenye kompyuta za kampuni ng'ambo. Saa hutunza kumbukumbu za siku chache, kisha mpya hufuta za zamani. Betri nayo haikungoji. Mwenye akaunti anaweza kufuta kila kitu akiwa mbali. Kwa hiyo saa na simu hukamatwa pamoja, hukatwa mawasiliano au hutiwa kwenye mfuko unaozuia mawimbi, na huwahishwa kwa mtaalamu. Zilizo kwenye kompyuta za kampuni hupatikana kwa kuomba, na kampuni ikiwa nje ya nchi, njia ni Sheria ya Kusaidiana katika Mashauri ya Jinai ya mwaka 1991. Njia hiyo si ya haraka.

Kisheria mlango uko wazi. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 kinakataza ushahidi kukataliwa kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Uzito wake ndio unaopimwa: ulitengenezwaje, ulitunzwaje, umebaki kama ulivyokuwa? Hapo ndipo kesi hufia. Katika shauri la Paulo Maduka na wenzake dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ilieleza mnyororo wa utunzaji wa vielelezo kuwa kumbukumbu za maandishi, kwa mfuatano, za nani alikamata, nani alitunza, nani alipokea, nani alichunguza. Saa iliyokaa wiki kwenye droo bila hati inakuwa pambo tu.

Tena hizi ni habari za mwili wa mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Anayechunguza tukio la usiku mmoja hana sababu ya kusoma usingizi wa miezi sita.

Halafu swali ambalo kifaa hakiwezi kulijibu: mkono ulikuwa wa nani? Saa huazimwa, hurithiwa, huuzwa mitumba ikiwa bado na akaunti ya mwenye zamani.

Ningekuwa mkufunzi, ningewavisha askari wanne saa zinazofanana. Mmoja atembee kutoka kituo cha Chumbageni hadi bandarini, wa pili aende kwa baiskeli, wa tatu alale, wa nne apewe mbuzi na nazi tano. Asubuhi mafaili yawekwe mezani bila majina, na darasa liseme nani alikuwa wapi.