Mwenzake alipoingia wodini

Kijana alianguka kutoka kwenye mnazi. Wiki tatu nzima nilivutana naye juu ya maji ya kunywa. Mimi ni muuguzi wa watu walioumia uti wa mgongo, najua vizuri maji yanavyolinda kibofu na figo, na nilimweleza kila asubuhi. Aliitikia kwa adabu. Jioni jagi nililikuta limejaa vilevile.

Kisha akaja mama mmoja, fundi cherehani, anayetumia kiti mwendo mwaka wa 14 sasa. Alisogea hadi ubavuni pa kitanda, akauliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, unaogopa kujikojolea mbele ya nani?" Kijana akanyamaza, halafu akasema, "Mbele ya mama." Katika wiki zote tatu, swali hilo halikunijia.

Mama akafungua mkoba wake: mpira mwembamba wa kutolea mkojo kibofuni, kipande cha sabuni, chupa ya maji, kitambaa safi. Hunywa maji kwa ratiba na kujitoa mkojo kila baada ya saa nne hadi sita. Akienda mjini kununua vitambaa, anajua duka gani lina choo ambacho kiti kinapita mlangoni. Daktari Jack Lapides wa Marekani alionyesha tangu mwaka 1972 kwamba kwa kazi hii mikono na mpira vikiwa safi inatosha, si lazima viwe vimetakaswa kama vya chumba cha upasuaji. Hilo nalo nilikuwa nimeshamwambia kijana. Lakini kwangu alisikia somo, na kwa mama aliona siku ya mtu ilivyo, kuanzia anapoamka.

Mtu kama mama huyu wenzetu wa huduma za UKIMWI humwita "mwelimishaji rika". Neno hilo halitukai vizuri, maana mama huyu na kijana si rika. Wodini tunasema tu: leo anakuja mwenzake.

Kusimamia matunzo yako si lazima ufanye kila kitu kwa mikono yako. Mama ana mikono yenye nguvu, kwa hiyo hujikagua ngozi kwa kioo kila usiku, matakoni na visiginoni, akitafuta wekundu au weusi usioondoka. Akimaliza kushona upindo huinama mbele hadi kifua kikaribie mapaja, na kuhesabu polepole mpaka 120, ili damu ipite pale alipokalia. Hivyo ndivyo anavyojikinga na vidonda vya mgandamizo, na ni vidonda hivi ambavyo nimeona vikiwarudisha watu hospitali kuliko jambo jingine lolote.

Aliyevunjika shingo hawezi kushika kioo. Yeye kazi yake ni kuelekeza. "Kaka, shika chini ya goti, usinivute mkono." Anayemfundisha kusema hivyo bila kuona haya, na bila kumkasirikia kaka aliyechoka, ni mwenzake aliyekwisha kuinuliwa vibaya na ndugu zake mwenyewe.

Kuna hatari moja ambayo kila aliyeumia uti wa mgongo kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu anapaswa kuijua kwa moyo. Kibofu kikijaa au mpira ukiziba, presha inaweza kupanda ghafla: kichwa kinauma kama kinapasuka, jasho linatoka usoni. Mketishe wima, legeza nguo, tazama kama mpira umejikunja. Akichelewa kusaidiwa anaweza kupata kiharusi. Wapo hata wahudumu wa afya wasioijua hali hii, ndiyo maana mwenzetu mmoja ameandika maelezo yake kwenye kadi na kuiweka mfuko wa shati. Sasa kila anayeruhusiwa kurudi nyumbani huinakili.

Mgonjwa kufundishwa na mwenzake si jambo jipya. Sweden walianza kutumia watu wa viti mwendo kuwafundisha wenzao mwaka 1976. Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unautaja msaada wa wenzao waziwazi katika kifungu cha 26. Hata hivyo bado nawasikia wakuu wakiuita kujitolea. Mama huyu hufunga cherehani siku nzima na kukodi bajaji, kwa kuwa daladala hazimchukui na kiti chake. Nauli na posho ni haki yake, nami nitaendelea kulisema hilo kila kikao.

Mafunzo nayo lazima. Mmoja wa wenzao hawa wanaokuja kufundisha aliwahi kumpa mgonjwa vidonge vyake vilivyobaki vya kutibu mkojo mchafu. Alikuwa na nia njema, lakini dawa haikuwa yake kutoa. Tulikaa naye, tukakubaliana mipaka, na bado anakuja.

Siku hizi wakianza kuzungumza mimi hutoka nje na kufunga mlango. Mama aliniambia wanachouliza vijana mara tu nikishatoka: nitaweza kuoa, nitapata mtoto? Yeye mtoto wake wa pili alizaliwa miaka mitatu baada ya ajali. Shule zikifungwa huja naye, na ndiye anayembebea mkoba.