Sikuficha kamera popote jamani

Juzi tena nimeulizwa: "Hiyo kamera ulificha wapi?" Kila nikionyesha picha za hawa watu wa chuki na itikadi kali swali ni hilohilo, utadhani nilivaa kofia yenye tundu. Kamera ilikuwa shingoni, kubwa, kila mtu anaiona! Hawa wanapenda picha kuliko maharusi, ukiinua kamera tu bendera zinanyooshwa, vifua vinatuna, mikono inakunjuliwa tatuu ionekane.

Wa kujificha alikuwa Lewis Hine, kuanzia 1908 akipiga picha watoto wanaofanyishwa kazi viwandani Marekani, maana mabosi hawakutaka ionekane. Wangu wanataka, na hapo ndipo kuna kazi. Kuingia ni miezi ya kukaa nao bila kupiga picha hata moja, basi. Ila picha wanayoitaka wao ndiyo rahisi kuliko zote: chuchumaa, lenzi pana, piga kutokea chini, weka nyeusi na nyeupe, tayari umewachapia bango bure. Leni Riefenstahl, mtengeneza filamu wa Ujerumani, aliwakuza hivyohivyo Wanazi kule Nuremberg 1934, na bado tunaiga tukiita "mudi". Mimi nasimama usawa wa macho nasubiri pozi liwachoshe, na siku moja jamaa aliposhusha mkono wa saluti nikaona lebo ya bei bado inaning'inia kwapani kwenye koti lake la kijeshi. Hiyo ndiyo fremu.

Halafu kapsheni, yale maelezo chini ya picha, ambayo watu wanaiandika kama wanakimbizwa. Maskinhedi, wale wa vipara na buti, walianzia Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, vijana wa tabaka la wafanyakazi wanaocheza muziki wa ska wa Jamaika, siasa za ubaguzi zikawaingia baadaye, na 1987 kule New York wengine wakaunda SHARP, kundi la maskinhedi la kupinga ubaguzi huohuo. Vipara viwili, buti zilezile, wakikutana wanapigana, sasa picha peke yake itakwambia nani ni nani?

Lakini sijifanyi nimeshinda. Kuna jamaa nilimpiga picha akipiga pasi shati la maandamano huku mwanawe anachora sakafuni, nikaona hapa nimemvua pozi kabisa. Akaomba nakala, akaiweka profailini, wenzake wakamsifu ni baba bora. Nimeitoa kwenye maonyesho mara mbili, nikairudisha mara mbili, kwa sasa imo.