Je, wajua kwa nini waya wa upana wa atomu moja huweza kuwa sumaku?

Kwa hesabu, haipaswi kuwezekana. Mwaka 1925 mwanafizikia Mjerumani Ernst Ising alikokotoa tabia ya msururu wa sumaku ndogondogo zilizopangwa mstari mmoja, kila moja ikiiathiri jirani yake tu. Alikuta kwamba mradi kuna joto lolote juu ya sifuri halisi, yaani baridi ya mwisho iwezekanayo, msururu huo hauwezi kubaki umeelekea upande mmoja.

Sababu yake ni rahisi kuliko inavyotisha. Katika donge la chuma, sehemu ikitaka kugeuka upande wa pili, atomu zote za mpakani hulazimika kupingana na jirani zao, na hilo hugharimu nishati nyingi. Katika msururu mpaka ni nukta moja tu. Gharama ni ileile, ziwe zimegeuka atomu kumi nyuma yake au milioni. Joto kidogo linatosha kuilipa, na kwenye msururu mrefu nafasi za kukatikia hazihesabiki.

Hata hivyo, mwaka 2002 Pietro Gambardella na wenzake walitangaza katika jarida la Nature kwamba nyaya za kobalti zenye upana wa atomu moja zimeshika usumaku. Walizitengeneza juu ya platini iliyokatwa kimshazari kidogo, hivi kwamba uso wake ukawa kama ngazi yenye vidato vya upana wa nanomita 2 hivi. Mvuke wa kobalti ukitua hapo, atomu hutangatanga hadi chini ya ukingo wa kidato na kunasa, maana pale ndipo zinapopata majirani wengi zaidi wa kushikamana nao. Nyaya hujipanga zenyewe. Usumaku wake ulipimwa kwa eksirei, huko Grenoble, Ufaransa.

Basi hesabu ya Ising iliponyokwa vipi? Haikuponyokwa. Yeye alizungumzia msururu usio na mwisho, uliopewa muda wote unaouhitaji kutulia. Nyaya hizi zilikuwa na wastani wa atomu 80, na ndani yake vikundi vya atomu 15 hivi viligeuka kwa pamoja. Ili kikundi kigeuke lazima kivuke kizuizi cha nishati, na penye baridi ya kutosha, kusubiri hadi kigeuke huwa kurefu mno.

Kizuizi hicho ndicho kiini cha habari. Ndani ya donge la kobalti, majirani wa kila upande huzima karibu mchango wote wa usumaku unaotokana na elektroni kuzunguka kiini cha atomu. Ukingoni mwa kidato majirani ni wachache kuliko ndani ya donge, kwa hiyo mchango huo hupanda karibu mara tano. Mzunguko huo nao, ukisaidiwa na atomu nzito za platini zilizo chini, huifunga sumaku kwenye mwelekeo mmoja: kila atomu hung'ang'ania mwelekeo wake takribani mara 50 kuliko ilivyo kwenye donge.

Pamoja na hayo, usumaku ulidumu chini ya Kelvini 15 tu, yaani nyuzi 258 za Selsiasi chini ya sifuri, ilhali kobalti ya kawaida huupoteza ikipita nyuzi 1,100 hivi. Mtu angedhani kuongeza safu ya pili ya atomu kungeiimarisha sumaku. Gambardella na wenzake walipojaribu, ung'ang'anizi ulishuka vibaya na mwelekeo wenyewe ukahama.