Dhana potofu kuhusu riwaya ya The Warden

Wanaoisikia kwa mbali hudhani ni kisa cha kasisi anayekula mali ya maskini. Sivyo. Katika riwaya hii ya Anthony Trollope, iliyotoka mwaka 1855, hakuna aliyeiba. Mfanyabiashara wa sufu John Hiram, aliyefariki mwaka 1434, aliacha ardhi iwatunze wazee 12 waliochoka kwa kazi ya kuchana sufu. Karne zikapita, ardhi ikapanda thamani. Sasa msimamizi wa makao ya wazee hao, kasisi Septimus Harding, anapata pauni 800 kwa mwaka, na kila mzee shilingi 1 na peni 4 kwa siku. Harding huwaongezea peni 2 kutoka mfukoni mwake. Mgogoro ni kwamba mtu mwema anafaidi utaratibu mbovu, na hajawahi kujiuliza.

Wengine husema kesi ya kupinga mapato hayo ndiyo iliyomng'oa Harding. Hapana! John Bold, daktari kijana anayempenda Eleanor, binti wa Harding, aliifungua kesi hiyo kisha akaiondoa mwenyewe. Harding anajiuzulu baada ya hapo, mkwewe Shemasi Mkuu Grantly akifoka. Wanafunzi wengi huchanganya dhamira, yaani wazo kuu la kazi, na dhamiri, yaani sauti ya ndani inayomsuta mtu. Humu dhamiri ndiyo dhamira.

Kuna pia wanaoichukulia chelo ya Harding, ala yake ya nyuzi mfano wa fidla kubwa, kuwa kichekesho tu. Kila anaposongwa na mawazo, mikono yake hupiga chelo isiyokuwepo, polepole, wakati mwingine chini ya meza. Lakini soma ile sura ya London, usiku, mbele ya mwanasheria mkuu Sir Abraham Haphazard. Anapotamka kwamba anaacha kazi, anasimama wima, mkono wa kulia unafagia hewa kwa nguvu, vidole vya kushoto vinakimbia juu ya nyuzi ambazo hazipo. Mwanasheria anabaki kukodoa macho. Kwangu hiyo ndiyo ishara bora kuliko zote kitabuni: mzee mwoga amepata sauti.

Majazi, yaani majina yanayolingana na sifa za wahusika, ni mepesi: jina la mchungaji Quiverful (podo lililojaa), mwenye msururu wa watoto, limetolewa kwenye podo la Zaburi ya 127, ambamo watoto ni kama mishale.

Na je, maskini walishinda? Wazee walioahidiwa pauni 100 kwa mwaka kesi ikifaulu hawakupata hata senti, na zile peni 2 zikaondoka na Harding. Sita wamekufa, nafasi zao hazikujazwa, na bustani aliyokuwa akiitunza imeota magugu.