Mbona maduka ya Mji Mkongwe ni membamba?

Wenye maduka wa Gizenga, Hurumzi na Mkunazini, hapa Unguja, wana lalamiko moja lisilokwisha: nafasi haitoshi. Bidhaa zinatundikwa mlangoni, zinamwagika barazani, na mteja akiingia wa pili, wa kwanza hana budi kusogea. Anayetaka kujua sababu asitazame sakafu. Atazame dari.

Ile miti ya mviringo iliyopangwa sambamba ni boriti, magogo ya mikoko. Mengi yaliletwa kwa majahazi kutoka delta ya Rufiji. Ncha zake zikishaingizwa ukutani, huku na huku, sehemu inayobaki wazi kwa kawaida haizidi mita 3. Juu yake hupangwa mawe ya matumbawe, kisha hushindiliwa zege la chokaa. Mzigo wote huo unabebwa na mti tu. Kwa hiyo upana wa duka haukuamuliwa na fundi wala tajiri wake. Uliamuliwa na mkoko. Aliyetaka nafasi zaidi alirudi nyuma: duka mbele, ghala likifuata, kisha vyumba vya familia na kiua cha kuingiza hewa. Biashara ikichangamka, alipandisha ghorofa na kutoa roshani ya mbao.

Safu hizi za maduka zilikua katika karne ya 19, baada ya Sayyid Said, mtawala wa Omani, kuhamishia makao yake Unguja kutoka Maskati. Karafuu, pembe za ndovu na nguo vilivuta wafanyabiashara kutoka Kutch na Gujarat, huko India: Wahindu, na Waislamu wa Kishia wa jamii za Makhoja na Mabohora. Jirani zao, Waarabu wenye mali, walijenga nyumba za kujifunga, zenye kuta pana zisizo na kitu, mlango mmoja wa nakshi, na maisha yote ndani, kuzunguka ua. Nyumba ya duka ni kinyume chake, kifua wazi mbele ya wapita njia. Muuzaji alikaa kitako juu ya sakafu iliyoinuliwa, mnunuzi akasimama mtaani, wakapatana bei uso kwa uso.

Uwazi huo uliwezekana kwa sababu katika maduka mengi ya aina hii boriti hulala kutoka ukuta wa ubavuni hadi wa ubavuni. Ukuta wa mbele haubebi sakafu ya juu, ndiyo maana uliweza kuachwa na milango mipana ya mbao ya kukunja. Lakini hapa ndipo wengi wanapokosea. Nguzo za mbao zilizo kati ya milango hiyo, pamoja na mhimili uliolala juu yake, hazikuwekwa kwa urembo. Zinabeba ukuta wa mbele wa ghorofa. Anayezing'oa ili aweke kioo kimoja kipana anauacha ukuta wa mawe ukining'inia, na mimi binafsi nisingelala chini yake.

Kosa la pili halina kelele, na kwa maoni yangu ndilo baya zaidi: saruji. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunywa maji ya masika na kuyatoa tena hewani. Ukipigwa plasta ya saruji, maji yanabaki ndani pamoja na chumvi, na ncha za boriti zilizofukiwa ukutani zinaoza taratibu mahali asipoona mtu. Nje, ukuta unang'aa kama mpya. Tena mara nyingi ukuta wa ubavuni ni wa watu wawili, boriti za duka hili na za jirani zikiegemea mawe yaleyale. Ukarabati wa mmoja huweza kumpasulia dari mwenzake.

Mji Mkongwe uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na ujenzi wowote ndani yake unahitaji kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji. Watu huona ni usumbufu wa makaratasi. Ombi la kibali, hata hivyo, ndilo linalomleta mtu wa kupima ukuta kabla ya nyundo kuanza kazi.

Na kama mlango wako wa kukunja, uliokuwa ukifunguka vizuri miaka yote, umeanza kukwama kwa juu, usikimbilie kumwita seremala aupunguze kwa randa. Kwanza mwite fundi wa nyumba za zamani aukague mhimili ulio juu ya mlango. Huenda ndio unaoshuka.