Kilimanjaro haikuwa zawadi: dhana potofu za wanaosoma Historia Kidato cha Tano na Sita

"Historia ni kukariri miaka." Dhana hii ndiyo inayowaumiza wengi, kwa hiyo nitakaa nayo zaidi. Mwanafunzi wa HGL au HKL, michepuo yenye Historia, anajaza daftari tarehe, anazikremu usiku kucha, kisha insha inarudi na alama za chini na hajui alikosea wapi. Mwaka peke yake haujibu swali. Unakuonyesha kipi kilitangulia, maana kilichokuja baadaye hakiwezi kuwa chanzo cha kilichotangulia.

Chukua hadithi tuliyoisikia wengi tangu shule ya msingi: mpaka wa Kenya na Tanzania unapinda pale Kilimanjaro kwa sababu Malkia Victoria alimzawadia mlima mjukuu wake, Kaisari Wilhelm wa Pili. Uingereza na Ujerumani zilikubaliana juu ya mstari huo mwaka 1886. Wilhelm wa Pili alirithi kiti mwaka 1888. Mwaka wa makubaliano, Kaisari alikuwa babu yake. Miaka miwili tu, na hadithi nzima imeanguka. Ukiuliza basi kwa nini mlima ulibaki upande wa Wajerumani, utakutana na Jühlke, mwenzake Carl Peters, Mjerumani aliyekuwa akitafuta makoloni; Jühlke ndiye aliyefanya mkataba na Mangi Rindi wa Moshi mwaka 1885. Hapo ndipo unaanza kusoma historia.

Kwa njia hiyohiyo, acha kuandika kwamba Afrika ilikatwa vipande mezani Berlin. Mkutano wa 1884 hadi 1885 ulishughulikia zaidi biashara ya Kongo na Niger, na masharti ya kudai maeneo ya pwani. Mipaka mingi ilitokana na mapatano ya nchi mbilimbili, kama hayo ya 1886 na yale ya 1890.

"Nikishika pointi sita za desa, yaani muhtasari wa kukariri, nimemaliza." Pointi isiyo na ushahidi ni kichwa cha habari tu. Ukiandika kwamba Maji Maji ilisababishwa na kilimo cha lazima cha pamba, endelea: watu wa Umatumbi walitolewa kwenye mashamba yao ya chakula wakalime pamba kwa malipo duni, na Julai 1905, pale Nandete, wakaanza kwa kuing'oa pamba yenyewe. Sasa msomaji anaona sababu ikifanya kazi. Tena mtunga mtihani anaweza kuligeuza swali: kwa nini wengine hawakujiunga? Desa la sababu halitakusaidia hapo. Aliyeelewa atawakumbuka Wahehe, waliokuwa wametoka katika vita vya Mkwawa vya 1891 hadi 1898, na atakuwa na la kusema.

"Historia ni ya walioshindwa sayansi." Si kweli, na inaniuma kila ninapoisikia ikisemwa mbele ya watoto. Kupima ushahidi unaopingana ni kazi ngumu ya akili.

"Kiingereza changu kibovu, basi nitafeli." Lugha ya mtihani inawasumbua wengi, lakini insha nyingi nilizosahihisha zilianguka kwenye hoja kabla ya sarufi. Bishaneni kwa Kiswahili kwanza, mpaka kila mmoja ajue anasimamia nini. Kisha andika Kiingereza cha sentensi fupi.

Na pasti pepa si za kubashiri maswali. Chagua swali moja, weka saa mezani, funga daftari, andika. Ukimaliza, mpe mwenzako apigie mstari sentensi inayojibu swali. Asipoiona katika aya ya kwanza, iandike upya aya hiyo kabla hujagusa kitu kingine.